Kusoma maneno marefu ya tiba ya Kiingereza: viambishi vinavyofanana na maana zinazotofautiana

Maneno kama "hysterectomy", "gastrostomy" na "hypoglycemia" humtisha msomaji kwa urefu wake. Hata hivyo, mengi yake yamejengwa kwa vipande vichache vyenye asili ya Kigiriki na Kilatini, ambavyo hurudi tena na tena katika maneno mengine. Anayevifahamu vipande hivyo huweza kulielewa neno ambalo hajawahi kuliona. Anayevichanganya huweza kumpa mgonjwa maana iliyo kinyume kabisa na ile aliyoikusudia daktari.

Mzungumzaji wa Kiswahili si mgeni katika ujenzi wa namna hii. Neno "hawajaandikiana" lina kiambishi cha ukanushi, cha nafsi na cha wakati, mzizi "andik", kisha viambishi vya kutendea na kutendana, na mwishowe kiishio. Vilevile anajua kwamba herufi moja yaweza kugeuza maana: "funga" na "fungua", "ziba" na "zibua", "kunja" na "kunjua". Maneno ya tiba ya Kiingereza yanahitaji jicho hilohilo.

Aghalabu inafaa kuanza na mwisho wa neno, kwa kuwa ndiko kunakoeleza aina ya jambo linalozungumzwa. Mwanzo au katikati hutaja kiungo cha mwili. Kwa mfano, "hepat-" ni ini, "nephr-" ni figo, "gastr-" ni tumbo, na "hyster-" ni mji wa mimba.

Viambishi tamati vya upasuaji

-tomy: kukata au kupasua. "Hysterotomy" ni kupasua mji wa mimba, kama inavyofanyika mtoto anapozaliwa kwa upasuaji. Mji wa mimba hushonwa na kubaki mahali pake.

-ectomy: kukata na kuondoa. Ndani yake mna neno la Kigiriki lenye maana ya "nje". "Hysterectomy" ni kuondoa mji wa mimba; "nephrectomy" ni kuondoa figo.

-stomy: kufungua tundu. Asili yake ni neno la Kigiriki la "mdomo". "Gastrostomy" ni kutoboa tundu la kupitishia chakula moja kwa moja tumboni. "Colostomy" ni kutoa sehemu ya utumbo mpana kwenye tundu katika ukuta wa tumbo, ili kinyesi kipitie hapo.

Tazama tena "hysterotomy" na "hysterectomy". Tofauti ya maandishi ni ndogo mno, lakini kwa mwanamke anayetiwa saini fomu ya ridhaa, neno moja linamwachia uwezo wa kushika mimba na jingine linauondoa daima. Mfasiri akiandika "upasuaji wa mji wa mimba" kwa maneno yote mawili, atakuwa ameificha tofauti hiyo. Tafsiri salama ni "kupasua mji wa mimba" kwa la kwanza na "kuondoa mji wa mimba" kwa la pili.

Viambishi tamati vya maradhi

-itis: kuvimba kwa kiungo kutokana na maambukizi au sababu nyingine. "Gastritis" ni kuvimba kwa utando wa ndani wa tumbo. "Hepatitis" ina jina lake lililozoeleka, homa ya ini.

-oma: kwa kawaida, uvimbe ulioota. "Hepatoma" ni uvimbe wa ini, ambao aghalabu ni wa saratani.

Hapa Kiswahili chenyewe kina mtego, kwa sababu nomino "uvimbe" hutumika kwa hali zote mbili. Inafaa kutumia kitenzi-jina "kuvimba" kwa "-itis", na kuiacha nomino "uvimbe", pamoja na maelezo yake, kwa "-oma".

Viambishi awali vya kuzidi na kupungua

"Hyper-" ni kuzidi kiwango. "Hypo-" ni kuwa chini ya kiwango. "Hypertension" ni shinikizo la juu la damu na "hypotension" ni shinikizo la chini. Mitaani watu husema presha ya kupanda na presha ya kushuka. Kwa mgonjwa wa kisukari tofauti hii ni ya haraka. Mwenye "hypoglycemia", akiwa na fahamu, huhitaji kupewa kitu chenye sukari mara moja. Mwenye "hyperglycemia" tayari ana sukari iliyozidi katika damu. Katika maelekezo ya wagonjwa, "sukari kushuka" na "sukari kupanda" hueleweka bila shaka.

Herufi zinazofanana bila undugu

Si kila mfanano ni wa asili moja. "Economy" na "astronomy" huishia kwa "-omy", lakini kipande chao ni "-nomy", kinachotokana na neno la Kigiriki la sheria au utaratibu. Kwa upande mwingine, "anatomy" kweli ina "-tomy" ya kukata, ingawa leo hutaja elimu ya muundo wa mwili. Kwa hiyo uchambuzi wa vipande huonyesha njia, na kamusi huthibitisha.

Urefu peke yake si kipimo cha ugumu. "Pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", lenye herufi 45, lilibuniwa Marekani miaka ya 1930 na wapenzi wa mafumbo ya maneno. Likikatwa vipande, linasema tu: ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini mno la silika. Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika pale maneno mawili yanapopishana kwa herufi moja au mbili. Hapo mfasiri akate neno, akague mwisho wake, kisha achague kitenzi cha Kiswahili kisichoacha nafasi ya kukosea: kupasua, kuondoa, au kutoboa.