Upenyo katika Ombi la Mahishasura

Katika Devi Bhagavata Purana, kitabu cha Kisanskriti, jitu Mahishasura, lenye umbo la nyati, lilimwomba Brahma lisiuawe na mwanamume yeyote. Wanawake halikuwahofia; liliwaona dhaifu. Miungu waliposhindwa, nuru zao ziliungana akatokea Durga. Shiva akampa silaha ya ncha tatu, Himalaya akampa simba, naye akamwangamiza nyati.

Niliposoma kwanza nilikereka: mbona hata silaha zake zatoka kwa wanaume? Nilipoirudia hadithi nikatambua kwamba silaha hizo hazikuwafaa wenyewe. Ushindi ulipitia upenyo ulioachwa na neno moja, 'mwanamume'.

Walimu wenzangu, tusiwaulize wanafunzi nani alikuwa na nguvu tu. Tuwaulize pia nani alidharauliwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.