ANAYEUZA NG'OMBE WA KUAZIMA

Bonde la Yaeda limelala chini ya nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara. Masika yakiwa mema, sehemu yake hugeuka ziwa. Kiangazi kikizidi, hubaki ardhi ya chumvi na vumbi. Hapo Yaeda Chini huishi Wahadzabe, ambao chakula chao tangu kale ni asali, mizizi, matunda ya pori na mawindo. Wadatoga wafugao ng'ombe. Na Wairaqw walimao na kufuga. Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza: mahali kama hapo pana uhusiano gani na masoko ya hisa ya London na New York?

Uhusiano upo, nasi tumeona ni wajibu kuueleza. Kwani jambo lenyewe linamhusu kila mwananchi aliyeweka akiba yake katika hisa, na linawahusu zaidi watumishi wa serikali waliokabidhiwa kazi ya kuzilinda akiba hizo. Jambo hilo ni biashara ya kuuza hisa za kuazima, pamoja na hesabu yake, ambayo katika makala hii tutaiita deni la hisa.

Miongoni mwa wafugaji, kuazimana ng'ombe si jambo geni. Mwenye mifugo mingi humkabidhi nduguye au rafikiye ng'ombe kadhaa awatunze. Mtunzaji hunywa maziwa. Mama na ndama hubaki kuwa mali ya mwenyewe. Kwa njia hiyo udugu hukazwa, na ukame au maradhi yakizuka mahali pamoja, mali yote haiteketei.

Sasa tuchukue mfano. Mtu mmoja ameazima ng'ombe 10. Naye kwa kuyatazama mawingu ameamini kwamba mvua hazitanyesha, malisho yatakauka, na bei ya ng'ombe mnadani itaanguka. Anawapeleka wote mnadani na kuwauza kwa shilingi 800,000 kila mmoja, akatia mfukoni shilingi 8,000,000. Baada ya miezi mitatu ukame umeingia kweli, na bei imeshuka hadi shilingi 600,000. Ananunua ng'ombe 10 kwa shilingi 6,000,000, anamrudishia mwenyewe, na anabaki na faida ya shilingi 2,000,000.

Lakini je, mvua ikinyesha? Malisho yakastawi, kila mfugaji akawazuia ng'ombe wake, na bei ikapanda hadi shilingi 1,200,000? Mwenye mali amekuja kudai. Mkopaji hana budi kutoa shilingi 12,000,000 ili alipe deni la ng'ombe aliowauza kwa 8,000,000. Amepata hasara ya shilingi 4,000,000. Na tuzingatie tofauti hii: faida yake haiwezi kuzidi zile 8,000,000 alizouzia, kwa kuwa bei haishuki chini ya sifuri, bali hasara yake haina mpaka, kwa kuwa bei haina dari. Wahenga hawakukosea waliposema kukopa harusi, kulipa matanga.

Bila shaka mzee wa Kidatoga ataupinga mfano wetu. Atasema kwamba ng'ombe si sawa na ng'ombe, na ya kwamba mtu akiuza amana ya mwenziwe mnadani atashtakiwa barazani. Ni kweli. Lakini hisa moja ya kampuni ni sawasawa na nyingine, na mwazimaji wa hisa amekubali tangu mwanzo kwamba zitauzwa. Hulipwa ujira kwa kuazimisha, na gawio likitoka, mkopaji humlipa kiasi kile kile.

DENI LA HISA

Hesabu tunayoizungumzia ni nyepesi. Ni jumla ya hisa za kampuni zilizoazimwa na kuuzwa, ambazo mpaka siku ya kuhesabu hazijanunuliwa tena na kurejeshwa. Ikiwa kampuni ina hisa 100,000 na zilizo katika deni ni 10,000, basi deni la hisa ni asilimia 10. Ikiwa sokoni hisa 2,000 za kampuni hiyo ndizo zinunuliwazo na kuuzwa kwa siku, wakopaji wote watahitaji siku 5 kulipa, hata kama hapana mnunuzi mwingine. Kadiri siku hizo zinavyozidi, ndivyo mlango wa kutokea unavyokuwa mwembamba.

Huko Marekani hesabu hiyo hutangazwa mara mbili kwa mwezi. Katika Jumuiya ya Ulaya, sheria iliyoanza kutumika Novemba 1, 2012, ilimtaka kila mwenye deni lifikalo asilimia 0.5 ya hisa za kampuni ajitangaze hadharani.

Deni likiwa kubwa, lina maana mbili zinazopingana. Ya kwanza, wapo watu waliochunguza na kuamini kwamba kampuni ina ugonjwa. Ya pili, wapo watu wengi ambao siku moja watalazimika kununua, wapende wasipende, na siku hiyo bei itaruka. Ndiyo maana mwenye busara haifanyi hesabu hii kuwa hukumu. Huifanya sababu ya kuuliza.

Mwaka 2008 Ujerumani ilijionea maana ya pili. Oktoba 26, kampuni ya Porsche ilitangaza kwamba hisa ilizonazo katika Volkswagen, pamoja na haki za kununua nyingine, zilifikia asilimia 74.1. Jimbo la Niedersachsen lilikuwa na zaidi ya asilimia 20. Zilizobaki sokoni hazikufika asilimia 6, ilhali deni la hisa lilizidi asilimia 10. Wakopaji walikuwa wengi kuliko ng'ombe waliobaki mnadani! Oktoba 28 bei ya hisa moja ilipita euro 1,000, na kwa muda mfupi Volkswagen ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Thamani hiyo haikutokana na kazi ya mfanyakazi yeyote kiwandani; ilitokana na hofu ya wadeni.

Mwaka 2021 Marekani ilishuhudia jambo la ajabu zaidi. Deni la hisa za GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya kompyuta, lilikuwa limezidi asilimia 100 ya hisa zilizokuwa huru sokoni. Itawezekanaje? Ni rahisi: aliyeuziwa hisa ya kuazima naye huiazimisha tena, nayo huuzwa mara ya pili. Ng'ombe ni mmoja, madeni ni mawili. Wananchi wa kawaida walipozinunua kwa wingi, bei ilitoka chini ya dola 20 mwanzoni mwa Januari na kupita dola 480 tarehe 28. Mfuko mmoja mkubwa wa mabepari, Melvin Capital, ulipoteza asilimia 53 mwezi huo. Lakini wengi wa wananchi walionunua bei ilipokuwa kileleni nao walilia, kwani iliporomoka siku chache baadaye.

MLANGUZI AU MTOA ONYO?

Sisi tunaokumbuka, au tuliosimuliwa na wazee wetu, vita dhidi ya walanguzi vya mwaka 1983, twaweza kusema upesi kwamba huu ni ulanguzi na upigwe marufuku. Mlanguzi alificha sukari ili bei ipande. Huyu huuza asichonacho ili bei ishuke. Na tuliosoma vyuoni tulifundishwa kwamba haijuzu mtu kuuza kisichokuwa milki yake, isipokuwa katika bai ya salam, ambapo sifa ya bidhaa, kipimo chake na siku ya kuikabidhi hutajwa, na fedha hulipwa zote papo hapo. Visiwani wanalielewa hili vizuri, kwani wazee wamesimulia habari za wakulima waliopokea fedha za karafuu zikingali mtini, kisha msimu ukawa hafifu na deni likabaki shingoni.

Hata hivyo, haki inatudai tutazame upande wa pili. Jim Chanos wa Marekani aliuza hisa za kuazima za Enron kwa kuwa alizisoma hesabu zake na kuona haziingii akilini. Kampuni hiyo ilifilisika Desemba 2, 2001. Na Februari 2019, mamlaka ya fedha ya Ujerumani iliwakataza watu kwa miezi miwili kuongeza deni la hisa za kampuni ya Wirecard, tena ikawashitaki waandishi wa gazeti la Financial Times walioandika kwamba hesabu zake si safi. Mwezi Juni 2020 ilibainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa vitabuni hazipo, na Wirecard ikafilisika. Serikali ilikuwa imemlinda mwizi na kumkamata aliyepiga yowe. Ndugu zetu maofisa na walitafakari hilo.

DAFTARI LA YAEDA CHINI

Hapa ndipo tunaporudi bondeni. Wanavijiji wa Yaeda Chini, Mongo wa Mono na Domanga ni wazoefu wa kuuza kisichoonekana kwa macho. Mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe ilipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yake kwa pamoja. Kwa kuutunza msitu usifyekwe, na kwa kushirikiana na kampuni ya Carbon Tanzania, wananchi hao huuza hewa ya ukaa iliyozuiliwa isipande angani. Kila cheti ni tani moja. Kila cheti huandikwa katika daftari, na kikishatumika hufutwa, kisije kikauzwa tena kwa mwingine. Kama si daftari hilo, msitu mmoja ungeuzwa mara tatu, na mwenye msitu asijue.

Kanuni hiyo hiyo yafaa kwa hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 15, 1998, kwa hisa za kampuni moja tu, ya gesi ya TOL. Leo mwananchi aliyeko Chake Chake au Mbulu aweza kununua hisa kwa simu yake. Kuuza hisa za kuazima hakujazoeleka kwetu. Lakini majirani zetu wa Kenya walitunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2017, na mambo yaliyofika Nairobi hayakawii kufika Dar es Salaam. Soko letu ni dogo. Deni ambalo New York lingelipwa kwa siku moja, kwetu huenda likahitaji majuma.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Kwanza, mtu asiruhusiwe kuuza hisa ambayo hata kuiazima hakuiazima. Pili, mifuko inayotunza akiba za wafanyakazi isiazimishe hisa bila wenye akiba kuelezwa nani amekopa, kwa ujira gani na kwa dhamana gani. Tatu, deni la kila kampuni litangazwe kwa Kiswahili, katika magazeti na redio, kwa tarakimu zinazoeleweka na mwalimu, mvuvi na mfugaji.

Kupiga marufuku ni kazi rahisi, kwani huhitaji saini moja tu. Kutunza daftari la kweli na kulifungua mbele ya watu ni kazi ngumu, inayohitaji watumishi waaminifu kila siku ya Mungu. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, iwe ni ng'ombe wa Yaeda, karafuu za Pemba, au hisa za Dar es Salaam.