Mbele ya kusema mutoto ni mujinga, mumuache aimbe

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, kwenyi nyumba nyingi za Lubumbashi, buletini inasomwa mbele ya watu wote. Mutoto mumoja anapigiwa mikono. Mwingine anaambiwa ni kichwa nguvu, atarudilia kalasi. Na yule mwenye kurudilia, mara nyingi njo yeye anajua nyimbo zote za misa, beti kwa beti. Kama kichwa chake hakishike kitu, nyimbo hizo zinakaa wapi?

Mwaka wa tatu wa primeri, mimi nilikaa benchi moja na kijana ambaye hesabu ya kuzidisha kwa saba ilimushinda. Mwalimu alimupigisha magoti karibu kila siku. Siku moja, wakati wa mapumziko, tulitia hesabu ile katika wimbo wa kupiga mikono. Akaitoa yote, kuanzia moja mpaka kumi, bila kosa. Lakini kwenyi ubao hakuna mutu alimuuliza aimbe. Alirudilia kalasi, kisha akaacha shule.

Wenye elimu wamechunguza jambo hili. Mwaka 1983, Mumarekani Howard Gardner aliandika kwamba akili ya mutu si moja, na kati ya akili hizo alihesabu ile ya muziki. Kule Cambridge, Uingereza, Usha Goswami ameonyesha kwamba watoto wengi wenye shida kubwa ya kusoma wanasumbuka pia kufuata mapigo ya muziki. Kusoma kunaanza na masikio: mutoto asiyesikia vizuri namna neno linakatika, atasumbuka kulikata kwenyi karatasi.

Lakini tuangalie. Kuko watu wanagawa watoto: huyu wa macho, huyu wa masikio, kila mumoja afundishwe kwa njia yake tu. Mwaka 2008, wataalamu wa Marekani waliongozwa na Harold Pashler walipima mafundisho hayo na hawakuona ushuhuda wa kutosha. Basi wimbo usikuwe kifungo kipya. Ni mulango mumoja, na kalasi inaomba milango mingi.

Namna gani, na wanafunzi wamejaa vile, tangu masomo ya primeri yalifanywa ya bure mwaka 2019? Kazi hii haiombe piano. Mwalimu achukue neno la Kiswahili, kwa sababu luga ya watoto njo inafaa kuanzia. «Ma-ku-ta»: mikono mitatu. «Lu-bu-mba-shi»: mikono ine. Watoto wakisikia vipande, aviandike kwenyi ubao, waviguse kwa kidole, kisha waandike wenyewe. Mwenye hasikie vizuri ataona mikono. Mwenye haya ya kuimba atapiga bidoni.

Kuko pia mutego. Mutoto anaweza kuimba A, B, C mpaka mwisho bila kujua herufi hata moja. Kwa hiyo, kisha wimbo, umuonyeshe herufi moja katikati, umuulize: hii ni nini? Kama anaanza tena kuimba toka A, wimbo haujafanya kazi yake. Ni vilevile kwa hesabu: umuulize saba mara sita bila kufuata mustari.

Katanga haina lazima ya kuomba mufano mbali. Joseph Kiwele, mwenye kutunga Missa Katanga, alifundisha muziki hapa hapa, wakati muji uliitwa Élisabethville, na mwaka 1960 akafanywa minista wa masomo katika serikali ya Katanga. Wazee wetu wa Kiluba nao walitumana habari kwa kyondo, ngoma yenye kufuata sauti ya juu na ya chini ya maneno. Kwao, kusikia kulikuwa kujifunza.

Wazazi, buletini ikifika, musianze na fimbo. Mumuulize mutoto kitu gani anajua kwa moyo, na namna gani alikishika. Na ninyi walimu, dakika kumi za kuimba asubuhi haziibe programu. Mwenzangu wa benchi, kama angepewa dakika hizo mbele ya ubao, pengine leo angeandika hapa pamoja na mimi.