Mabati pekee hayamtoi mbu

Huku kwetu Pwani, mtu akipata pesa kidogo jambo la kwanza ni kuondoa makuti na kuezeka mabati. Hakuna ubaya. Makuti huvuja, hushika moto upesi, na kila baada ya miaka michache lazima uezeke upya. Lakini mbu hajali paa ni la nini.

Mbu aenezaye malaria huuma zaidi usiku, watu wakiwa wamelala. Akifika ukutani hupanda juu, na huko hukuta ule uwazi tunaouacha kati ya ukuta na paa. Huo ndio mlango wake. Ukiuziba kabisa kwa udongo, mbu hupungua, ila joto nalo hukaa ndani, hasa chini ya mabati yasiyo na dari. Ndipo utaona watu wanatoa mikeka uani, chandarua kimebaki kinaning'inia chumbani. Faida iko wapi? Afadhali uwazi huo na madirisha yatiwe wavu wa waya: upepo uingie, mbu abaki nje.

Halafu sakafu, ambayo wengi huiacha mwisho. Funza aliye mguuni huangusha mayai chini, nayo huanguliwa na kukulia kwenye mchanga mkavu, mara nyingi mle mle wanamolala watoto. Mtoto hutolewa funza leo, baada ya siku chache ana wengine. Sakafu ya simiti inayofagiliwa na kuoshwa huwanyima mahali pa kukulia.

Kwa mwenye pesa za kazi moja tu, mimi ningeanza na sakafu ya chumba cha watoto, mabati yangoje.