Waraka ni Nusu ya Kuonana: Mawasiliano katika Kozi ya Mtandao

Utangulizi

Wazee wetu walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Methali hii inakiri mambo mawili. Kwanza, waraka una nguvu ya kweli, kwa maana anayeusoma hukutana na aliyeuandika. Pili, nusu nyingine ya kuonana haimo ndani yake. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyomhusu mchungaji au mwanachuo wa theolojia anayesoma kozi kwa njia ya intaneti, akiwa mbali na mwalimu na wenzake. Tutaona kwamba adui mkubwa wa masomo ya namna hii si umbali, wala si ubovu wa mitambo, bali ni ukimya.

1. Kufundisha kwa mbali si jambo jipya

Mtume Paulo alifundisha makanisa mengi akiwa mbali nayo. Aliagiza waraka wake kwa Wakolosai usomwe pia Laodikia, na ule wa Laodikia usomwe Kolosai (Kol. 4:16). Hivyo makutaniko mawili yakawa kama darasa moja.

Katika nyakati zilizo karibu nasi, Isaac Pitman wa Uingereza alianza mwaka 1840 kufundisha hati mkato kwa posta, akipokea mazoezi ya wanafunzi na kuyarudisha yakiwa yamesahihishwa. Mwaka 1963 seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala ilianzisha elimu ya theolojia kwa enezi. Wanafunzi walisoma vitabu nyumbani bila kuacha kazi na jamaa zao, kisha wakakutana na mwalimu mara kwa mara karibu na makao yao. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Baada ya mikongo ya baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009, kusoma kwa mtandao kulianza kuwezekana kwa watu wengi zaidi. Na vyuo vilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, walimu wengi walijikuta wakifundisha hivyo bila kujiandaa.

2. Njia mbili za kuwasiliana

Mawasiliano katika kozi ya mtandao ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya wakati mmoja: mwalimu na wanachuo hukutana kwa sauti na picha, kila mmoja akiwa mahali pake. Namna hii huleta furaha ya kusikiana, lakini hula fedha nyingi za bando, na umeme ukikatika mwanachuo hutoka darasani pasipo kuaga.

Namna ya pili ni ya nyakati tofauti, yaani barua pepe na ukumbi wa majadiliano. Mwalimu huweka swali katika ukumbi huo, kila mwanachuo huandika jibu lake, kisha husoma majibu ya wenzake na kuyajadili katika muda wa siku kadhaa. Mchungaji aliyeshinda mazishini anaweza kujibu usiku. Aliye mwoga wa kusema mbele ya wakubwa wake hupata nafasi ya kupima maneno. Tena, mwanachuo anaweza kuandika hoja yake bila kuunganishwa na mtandao, akaituma atakapofika penye mawimbi mazuri.

Mtaalamu Michael Moore alifundisha kwamba umbali katika elimu haupimwi kwa maili peke yake, bali pia kwa mazungumzo yaliyopo kati ya mwalimu na mwanafunzi. Kwa kipimo hicho, wawili walioketi katika chumba kimoja wanaweza kuwa mbali sana, na wawili waliotengwa na bahari wanaweza kuwa karibu.

3. Ubaya wa ukimya

Darasani mwalimu huona nyuso. Anajua nani ameelewa, nani amechoka, nani ana huzuni. Katika mtandao, mwanachuo anayesoma kwa bidii pasipo kuandika na yule aliyekwisha kukata tamaa hufanana kabisa: wote wawili hawaonekani. Vivyo hivyo, mwanachuo aliyetuma swali lake asijibiwe kwa juma zima huanza kujieleza mwenyewe sababu za ukimya ule. Labda swali lilikuwa la kijinga; labda mwalimu amekasirika; labda mimi si mtu wa masomo haya. Wengi huacha kozi katika hali hiyo, na hakuna anayejua siku waliyoondoka.

Martin Luther aliyajua maumivu hayo. Mwaka 1530, kwa kuwa alikuwa chini ya hukumu ya dola, hakuweza kwenda Augsburg pamoja na wenzake, akabaki katika ngome ya Coburg tangu Aprili hadi Oktoba. Philipp Melanchthon na wenzake walipokaa majuma kadhaa bila kumwandikia, Luther alilalamika kwa uchungu na hasira. Wao walikuwa wameshikwa na kazi ya Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni, hawakumdharau. Lakini aliye peke yake ngomeni hana njia ya kulijua hilo. Paulo naye, aliposhindwa kuvumilia kukaa bila habari za Wathesalonike, alimtuma Timotheo akaijue imani yao (1 Thes. 3:1-6).

Kwa hiyo kujibu ni sehemu ya masomo, si nyongeza. Mwalimu atangaze mwanzoni atajibu katika muda wa siku ngapi, na aitimize ahadi yake. Mwanachuo anayesafiri au kuuguliwa aseme mapema, hata kwa mstari mmoja. Na hoja ya mwenzetu isiachwe bila jibu kana kwamba haikuandikwa.

4. Namna ya kuandika

Mashine hutushawishi kuandika kwa mkato, lakini desturi yetu haianzi jambo kabla ya salamu. Mtaje mwenzako kwa jina, umsalimu mwalimu kwa heshima yake, na utie jina lako mwisho. Nyaraka za Paulo zimejaa majina, hata la Tertio aliyeushika waraka kwa mkono wake (Rum. 16:22).

Paulo alipowajibu Wakorintho, alitaja kwanza jambo analolijibu, kisha akalieleza: habari za ndoa, za wanawali, za vyakula vilivyotolewa kwa sanamu (1 Kor. 7:1, 25, 8:1). Nasi tufanye hivyo. Anayejibu "nakubali" tu amemwachia msomaji kazi ya kutafuta amekubali nini. Anayeuliza naye aonyeshe ukurasa na neno lililomtatiza, na ajitahidi kuweka jambo moja katika ujumbe mmoja.

Saa nazo ziangaliwe. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo 18:00 ni saa kumi na mbili jioni kwa hesabu yetu. Mwalimu aliye Ujerumani yuko nyuma ya saa zetu kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa kiangazi.

Mwisho, andika maneno yako mwenyewe. Paulo alitia salamu kwa mkono wake iwe alama katika kila waraka (2 Thes. 3:17). Leo zipo programu zinazoweza kutunga jibu zima kwa niaba ya mwanachuo. Anayezitumia hivyo huwanyima wenzake ile nusu ya kuonana, kwa maana hayumo katika alichokituma.

5. Nusu isiyomo

Kuna mambo ambayo hayafai kupelekwa kwa maandishi. Maandishi hayana sauti. Mzaha huweza kusomwa kama dharau. Paulo mwenyewe aliwahi kujuta kwa ajili ya waraka uliowahuzunisha wasomaji, japo kwa kitambo (2 Kor. 7:8). Ukiandika kwa hasira, usitume mpaka kesho; na ugomvi ukizidi, pigianeni simu.

Zaidi ya hayo, wachungaji hupenda kutoa mifano ya usharikani. Yatupasa kukumbuka kwamba kilichoandikwa hubaki, na kwamba huweza kupelekwa kwa watu mia kwa kubonyeza mara moja. Siri ya ungamo haiandikwi humo kamwe, hata kama jina limefichwa, kwa kuwa katika kijiji kidogo habari yenyewe ni jina.

Hitimisho

Mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohana alikuwa na mengi ya kusema, lakini hakutaka kuyamaliza yote kwa karatasi na wino, alitazamia kuja na kusema ana kwa ana, ili furaha ikamilike (2 Yoh. 12). Hata hivyo aliandika. Hakuacha kutuma ile nusu kwa sababu haikuwa yote. Nasi tutunze nusu tuliyopewa, tukijibuna upesi na kwa upendo. Na wanachuo walio karibu wakutane inapowezekana, wasome na kuomba pamoja. Pengine usiku huu yuko mwenzetu katika usharika wa mbali aliyeuliza swali na anangoja. Ajibiwe.