Fahamu: Jinsi udongo unavyonasa sumukuvu

Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Muuaji alikuwa aflatoksini, sumukuvu isiyoonekana kwa macho na isiyoisha kwa kupikwa.

Udongo huinasaje?

Bentonaiti, udongo uliotokana na majivu ya volkeno, una madini yaliyopangwa kama chapati nyembamba mno zilizobebana. Kila tabaka lina chaji hasi, na katikati hukaa maji pamoja na ayoni, kwa mfano za kalsiamu. Molekuli ya aflatoksini ni bapa: hupenya humo, kisha oksijeni zake hushikwa na ayoni hizo. Nafasi ni kubwa ajabu, kwani gramu moja tu yaweza kuwa na eneo la mita za mraba 700 hivi. Kuku aliyelishwa bentonaiti hutoa sehemu kubwa ya sumu hiyo kwenye kinyesi, kabla haijafika kwenye ini.

Umoja wa Ulaya uliruhusu matumizi hayo kwa mifugo mwaka 2013. Hata hivyo fumonisini, sumukuvu nyingine ya mahindi, hainaswi vizuri namna hiyo. Na pemba, udongo ambao wajawazito wengi hununua sokoni, usidhaniwe kuwa kinga: haujasafishwa wala kupimwa, na waweza kubeba madini ya risasi.