Kaloli wa Mulago na Shakwe wa Musambwa

Msomaji aliyekaa Kampala, hata kwa juma moja, hana haja ya kuambiwa kaloli ni nani. Ndiye yule korongo mkubwa mwenye kichwa cha upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, asimamaye juu ya miti na mapaa ya Mulago kama mzee anayengojea zamu yake hospitalini. Kimo chake hufika mita 1.5, na akikunjua mabawa hukaribia mita 3. Miguu yake ni ya rangi nyeusi, lakini sisi huiona nyeupe, kwa kuwa hujinyea miguuni makusudi ili umajimaji ukikauka umpunguzie joto. Adabu hana, ila akili anayo. Nimeanza na yeye kwa sababu mimi nakaa Mulago, na kwa kaloli ndiko nilikojifunzia kupiga picha za ndege kabla sijakwenda katika visiwa vya Musambwa, ambavyo ndivyo ninavyotaka kuwaeleza wenzangu.

Kwa anayeanza, kaloli ni mwalimu mwema. Chakula chake kikubwa hapa mjini ni takataka zetu, basi amewazoea watu kabisa. Unaweza kumwendea hatua kwa hatua mpaka umwone ukope, naye asijali. Profesa Derek Pomeroy wa Makerere alichunguza maisha ya ndege hawa katika miaka ya 1970, na nadhani hakukosa wa kumtazama. Lakini aliyejifunza kwa kaloli peke yake huweza kudhani kwamba ndege wote ndivyo walivyo. Shakwe sivyo.

Wengi tumezoea kusema shakwe ni ndege wa bahari, wa Mombasa na Unguja. Yupo hata hivyo shakwe mwenye kichwa cha kijivu, mdomo mwekundu na miguu myekundu, ambaye huzaa pia katika maziwa ya bara. Katika Uganda makao yake makubwa ni Musambwa, visiwa vidogo vitatu vya mawe katika Ziwa Victoria, mbele ya ghuba ya Sango, si mbali sana na mpaka wa Tanzania. Kundi linalozalia hapo huhesabiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa ya shakwe hao katika Afrika. Mnandi na yangeyange nao huzaa huko. Mwaka 2006 visiwa hivyo viliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa mataifa wa kulinda mahali penye majimaji. Jina lenyewe ni la Kiganda: musambwa ni mzimu, na nyoka wa kisiwani hawauawi, kwa maana huhesabiwa kuwa ni wa mizimu. Mgeni huambiwa jambo hilo kabla hajateremka mtumbwini, na ni vema alisikilize kwa masikio mawili.

Sasa fikiri jinsi shakwe anavyozaa. Hutaga mayai mawili au matatu chini, juu ya majani makavu kidogo kati ya mawe, na kiota cha jirani kiko karibu sana. Mama na baba hupokezana kuatamia kwa muda wa majuma matatu au zaidi kidogo. Watu hudhani kazi ya kuatamia ni kutia joto tu. Usiku ni kweli. Lakini mchana, katika jua letu la Ikweta, jiwe huwa kama kikaango, na shakwe aliyesimama juu ya mayai yake amekuwa mwavuli. Akiruka kwa hofu, yai hubaki wazi na kiumbe kilichomo huweza kufa kabla hajarudi. Vifaranga nao wakitishwa hukimbia ovyo, wakaingia katika kiota cha jirani, na jirani huyo hana huruma. Huwadonoa, pengine mpaka wafe. Na ndege wengine wala mayai hawangoji kualikwa.

Kwa hiyo picha ile ambayo kila mgeni huitamani, ya shakwe mamia wakiruka pamoja na kujaza anga, mara nyingi ni picha ya viota vilivyoachwa. Hupatikana kwa kuwatisha. Mimi sikuitaka, na naona si picha nzuri sana pia: ndege wote ni vidoa, hakuna mmoja unayemwona uso.

Wavuvi wa Musambwa wanalijua jambo hili kuliko sisi wenye kamera. Zamani mayai yaliokotwa kwa chakula na kwa kuuzwa. Kisha wenyeji walipatana, wakishirikiana na chama cha NatureUganda, kuacha kuyaokota. Si jambo dogo mtu kuacha chakula kilicho miguuni pake. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, sisi tumeyaacha mayai. Wewe na mashine yako usije ukayamaliza."

Njia niliyoifuata ni hii. Nilikwenda asubuhi mapema, kabla mawe hayajapata moto, nikakaa chini penye njia ambayo wavuvi hupita kila siku, maana hapo ndege wamekwisha zoea miguu ya watu. Lenzi ndefu ni lazima. Simu haifai, kwa kuwa itakuvuta karibu. Nilisogea kwa kukaa, si kwa kusimama, na kila nilipoona shakwe wa karibu ameinua shingo na kuacha kuangalia kiota, nilitulia, pengine nikarudi nyuma. Shingo hiyo ndiyo kipimo. Kaloli hanacho, au anacho lakini hakitumii kwetu.

Mwanga nao una taabu yake. Ndege mweupe juu ya jiwe lililong'arishwa na kinyesi huidanganya kamera: ama manyoya yote huwa kama chokaa, ama picha nzima huwa ya kijivu. Heri kupima mwanga juu ya kifua cha ndege mwenyewe. Kamera za siku hizi hazili filamu, basi watu hufyatua kama bunduki. Mimi nilipiga picha chache nikatazama zaidi. Hivyo ndivyo nilivyomwona dume akimtapikia jike samaki mdogo, na jike akimeza bila kuondoka juu ya mayai.

Jua lilipopanda nilifunga kamera. Yule mzee alitaka picha moja, nami nilimpelekea baadaye: si ya ndege, ni ya mtumbwi wake mpya.